Kusuka Injini au Kununua ya Mtumba: Hesabu ya Mwenye Gari wa Karagwe na Kyerwa

Injini ya Fuso ikinoki mwezi Mei, msimu wa kahawa ndio kwanza unafunguliwa, mwenye gari wa Kayanga au Nkwenda hupata ushauri wa aina mbili kabla gari halijavutwa hadi gereji. Mmoja atamwambia aachane na injini hiyo, aagize ya mtumba kutoka Japani. Mwingine atamwambia bloku bado nzima, isukwe upya. Wote wawili wana sababu, na mara nyingi wote wawili wana maslahi. Muuza spea anapata faida kwenye injini, dalali anapata cha juu, fundi anapata hela ya ufundi, na dereva anataka gari lirudi barabarani upesi kwa sababu siku lisipotembea naye hali. Mambo yakiharibika mara ya pili, anayebaki na mzigo ni mwenye mali peke yake.

Mjadala wenyewe huamuliwa kwa simulizi. Fulani alinunua injini Dar es Salaam ikadumu miaka. Jirani yake akanunua ya namna ileile, ikaanza kugonga kabla ya Kyaka. Fulani alisuka Hiace yake na mpaka leo inabeba abiria. Mwingine amefungua injini mara tatu na bado inakula oili. Simulizi za namna hii ziko kila gereji, na zote zinaweza kuwa za kweli. Kinachokosekana ndani yake ni vipimo: injini ilikuwa aina gani, ilikufa kwa nini, nani aliipima na kwa chombo gani. Bila hayo, uzoefu wa jirani hauna cha kukufundisha.

Uchambuzi huu unasimama juu ya hoja moja: jibu sahihi hubadilika kufuatana na aina ya injini, kilichoiua, karakana unayoweza kuifikia na mwezi uliomo, lakini katika hali zote anayeuliza bei kabla ya kipimo hulipa zaidi.

Njia nne, moja haifiki huku

Katika nchi zenye viwanda kuna njia ambayo huku haipo kwa magari ya kawaida: injini iliyotengenezwa upya kiwandani. Injini kuukuu hurudishwa, hufunguliwa yote, huoshwa, kila kipande hupimwa kwa viwango vya kiwanda, vilivyochakaa hubadilishwa, kisha injini hufungwa, hujaribiwa na kuuzwa na dhamana ya maandishi. Renault walianza kazi hiyo Choisy-le-Roi, karibu na Paris, mwaka 1949. Caterpillar walianzisha mpango wao mwaka 1973.

Biashara hiyo inategemea jambo moja: mnunuzi arudishe injini yake iliyokufa, maana hiyo ndiyo malighafi ya kiwanda. Hutozwa amana, na hurudishiwa akiirudisha. Hapo ndipo hesabu inapogoma kwetu. Mtu wa Kaisho au Murongo yuko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kusafirisha injini mfu ya kilo mia kadhaa hadi pwani, kisha ng'ambo, ili arudishiwe amana, ni kazi isiyolipa. Mitambo mikubwa ya migodi na ya ujenzi inaweza kupata huduma hiyo kupitia mawakala wake. Hiace ya Omurushaka haiipati.

Zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari nje ya nchi. Ya pili ni injini iliyong'olewa kwenye gari la ajali hapa nchini, ambayo mara nyingi hulazimu kusukwa kabla ya kufungwa. Ya tatu ni kusuka injini yako mwenyewe. Wengi huzungumza kama njia ni mbili tu, kwa kuichanganya ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Injini iliyotoka Japani na injini iliyotoka kwenye gari lililopinduka Biharamulo zote huitwa "used" dukani, lakini zimepitia maisha tofauti kabisa.

Ya mtumba: unanunua nini hasa

Japani haibomoi magari kwa sababu yamekufa. Gari jipya la binafsi kule hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waone heri kununua jingine. Tangu Januari 2005 kuna sheria inayosimamia urejelezaji wa magari chakavu, na wabomoaji wenye leseni hutoa injini zinazofaa na kuziuza nje. Nyingine huja Dar es Salaam moja kwa moja. Nyingine hupitia Sharjah, kwenye soko kubwa la spea kuukuu la Falme za Kiarabu. Mtu wa Karagwe anaweza kuzipata Gerezani, Kariakoo, au Mwanza. Kwa ramani, hata hivyo, soko la Kisekka jijini Kampala liko karibu zaidi: kutoka Mutukula hadi Kampala ni kama kilomita 220.

Sifa ya injini hiyo ni kwamba nafasi kati ya vipande vyake bado ni za kiwanda. Bolti zilikazwa mara moja na mashine, oili ilibadilishwa kwa ratiba, na vumbi la murram haikulijua. Udhaifu wake ni kwamba historia yake imekatwa. Dashibodi yenye kilomita imebaki Japani. Hakuna anayejua kama iliwahi kuchemsha, wala imekaa miezi mingapi kwenye kontena na ghala huku matundu yake yakiwa wazi kwa hewa ya chumvi. Sili zilizokauka hazionekani kwa macho; huanza kuvuja injini ikishapata joto.

Tuseme umesimama mbele ya injini sakafuni, imewekwa juu ya tairi kuukuu. Usianze na bei. Fungua kifuniko cha oili ugeuze upande wa chini: utando mweusi mzito ni dalili ya oili iliyocheleweshwa, na utando wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji. Chungulia matundu ya maji: kutu nene ina maana ilitumia maji matupu badala ya kuleanti. Tazama kingo za hedi na sampu. Ukiona gundi ya silikoni imefurika nje, au vichwa vya bolti vyenye alama za spana, injini hiyo imeshafunguliwa na mtu, na huenda si Japani. Zungusha krenki kwa mkono: iende mzunguko mzima bila kukwama. Kisha dai kipimo cha kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, kwa betri na stata. Namba yenyewe ina maana, lakini muhimu zaidi ni ulingano: kwa injini nyingi za petroli za Toyota, tofauti kati ya silinda haitakiwi kuzidi kama baa moja, kwa dizeli zao za zamani, kama baa tano. Muuzaji asiyekubali kipimo hicho amekujibu.

Siku hizi wauzaji hutuma video ya WhatsApp, injini ikiunguruma sakafuni. Video hiyo inathibitisha kwamba iliwaka siku ile. Haionyeshi itafanyaje ikibeba mzigo mlimani baada ya saa mbili.

Kuna na gharama zisizotajwa dukani. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina flaiwili ya gari la gia za mkono; inabidi uhamishe flaiwili na vifaa vya klachi. Injini ya jina moja inaweza kuwa na sampu na maunti tofauti kati ya Hiace na Hilux, au kati ya gari la kuvuta magurudumu mawili na la manne. Injini za kielektroniki hudai kontroli boksi na waya zake. Zikikatwa kwa msumeno ili injini itoke haraka, fundi umeme wa Kayanga atakaa nazo wiki nzima. Anayenunua injini ya aina hiyo bila waya na kontroli boksi amenunua nusu ya kitu.

Ya ajali ya hapa nchini ni kesi nyingine. Historia yake inaweza kujulikana, hiyo ni faida. Lakini imeshatembea kwenye barabara zetu kwa miaka, na baada ya ajali huenda iliendelea kuunguruma ikiwa ubavuni bila oili. Ichukuliwe kama malighafi tu: ilipiwe bei ya malighafi, ifunguliwe kabla ya fedha zote kutolewa, na igharimiwe kusukwa. Anayeilipia bei ya injini ya Japani amedanganyika mwenyewe.

Kusuka: kazi ni kupima

Kusuka injini si kubadilisha ringi na gasketi. Hapo ndipo sifa mbaya ya ovahoo inapotoka.

Silinda huchakaa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza safari. Ukipitisha kidole gumba kwenye ukuta wa silinda ya injini iliyochoka, utausikia ukingo mdogo karibu na mdomo: chini yake chuma kimelika, juu yake bado ni cha kiwandani. Silinda hailiki kwa usawa pia. Huwa yai badala ya duara. Ndiyo maana hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana. Ringi mpya ya duara ndani ya silinda ya umbo la yai haitaziba. Moshi utapungua kwa mwezi mmoja, kisha utarudi, na mwenye gari atasema spea ilikuwa feki.

Kipimo kikivuka kikomo, silinda ziborwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida milimita 0.50, au ziwekwe slivu mpya. Krenki ikiwa na mikwaruzo husagwa, mara nyingi kwa milimita 0.25, na beringi zake ziwe za saizi hiyohiyo. Hedi ijaribiwe kwa presha kutafuta nyufa na ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji. Kwa Toyota nyingi ndogo za petroli, mpindo unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu, wembamba ambao jicho haliuoni. Fundi anayetazama hedi akasema "hii iko sawa" hajaipima.

Kazi ya kubora na kusaga krenki inahitaji mashine, na kwa watu wa wilaya hizi mara nyingi ina maana ya kupeleka bloku Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, au Mwanza. Safari ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani kipande chako kingesubiri kivuko pamoja na mabasi. Hata hivyo ni siku za kwenda, za foleni na za kurudi. Fundi wa nyumbani akikosea kipimo kimoja, safari huanza upya. Ndiyo sababu wengine huruka hatua hiyo na kusuka bila kubora. Tatizo linaloitwa "mafundi wetu" kwa sehemu kubwa ni tatizo la umbali kati ya fundi na mashine.

Lipo na suala la mahali. Injini inayofungwa kando ya barabara ya vumbi, chini ya mti, inafungwa pamoja na vumbi hilo. Punje chache za mchanga kwenye beringi mpya zinatosha kuharibu krenki iliyosagwa jana. Chumba chenye sakafu ya saruji, maji ya kuoshea na spana ya torki ni sehemu ya injini kama ilivyo pistoni.

Mwisho ni kipindi cha kuizoesha. Kilomita 1,000 za mwanzo injini iliyosukwa haitakiwi kubebeshwa mzigo kamili, na oili ya kwanza hubadilishwa mapema kwa sababu hubeba unga wa chuma. Fuso iliyotoka gereji Jumatatu ikapakiwa kahawa ya maganda Jumanne na kupanda mlima haijapewa nafasi ya kupona.

Vumbi, milima na hewa nyepesi

Ushauri wa Dar es Salaam hauwezi kuhamishwa Karagwe bila kurekebishwa, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni hewa. Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Karagwe iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo la hewa hupungua kwa kama asilimia 17. Silinda iliyosoma baa 12 Dar es Salaam inaweza kusoma 10 Kayanga bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi asiyejua hilo ataihukumu injini nzima kuwa mbovu. Kwa hiyo huku linganisha silinda kwa silinda kwanza, kabla ya kulinganisha namba na kitabu.

Ya pili ni joto. Kwa kimo hichohicho maji matupu huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoongeza presha na kuzuia maji yasichemke mapema. Kikilegea, gari linachemsha kwenye mlima wa kwanza. Wengi hutibu kwa kung'oa thermostati. Injini sasa inatembea ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na kulika mapema, na siku rejeta ikiziba inachemsha vilevile. Injini nyingi zinazosemekana zimekufa kwa uzee zimekufa kwa kifuniko cha rejeta. Ukiweka injini mpya kwenye rejeta ileile iliyoua ya zamani, umeipeleka ya pili kwenye kaburi la kwanza.

Ya tatu ni vumbi. Lami imefika Bugene kutoka Kyaka, kama kilomita 59, na imebadilisha maisha ya magari. Lakini magari hayaishi kwenye lami peke yake. Kahawa, ndizi na maharage hutoka vijijini, kwenye njia za murram za Mabira, Isingiro, Nyaishozi na Nyabiyonza. Ea klina iliyotoboka, au inayopulizwa kwa kompresa kila wiki mpaka ikachanika, inaingiza mchanga moja kwa moja kwenye silinda. Hapo haijalishi injini ni ya Japani au imesukwa; zote zitalika.

Kwa hiyo swali la kwanza gereji liwe: nini kimeua hii? Lisipojibiwa, fedha yoyote itakayofuata ni ya kununua kifo kingine.

Injini kwa injini

Dizeli za zamani zisizo na umeme mwingi ndizo zinazolipa kusukwa. Injini za 3L na 5L za Hiace na Hilux, 1HZ ya Land Cruiser, 4D33 ya Canter na 6D16 ya Fuso zina bloku za chuma kizito, pampu ya dizeli ya kimakanika na spea zilizoenea kila mji. Zilibuniwa zifunguliwe. Bloku ikiwa haijatoboka na krenki haijakatika, kuisuka yako unayoijua ni bora kuliko kununua ya mtu usiyemjua. Tena injini hizi zimezeeka hata kule zinakotoka. Inayoitwa ya Japani leo inaweza kuwa imechoka kama yako.

Petroli ndogo za kisasa ni kinyume. Chukua 1NZ-FE, injini ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox, Succeed na IST zinazobeba abiria kati ya Omurushaka na Bukoba. Bloku yake ni ya alumini yenye slivu nyembamba za chuma ambazo kiwanda hakikukusudia ziborwe. Ikichakaa, hakuna nyama ya kukata. Na kwa kuwa magari hayo ni mengi mno Japani, injini zake ni nyingi sokoni. Hapa ya mtumba iliyopimwa inashinda karibu kila mara.

Kati ya hizo kuna 5A na 3S za Corolla na Noah za zamani, zenye bloku za chuma. Zinaweza kusukwa vizuri, lakini bei ya ya mtumba huwa ndogo kiasi cha kufanya gharama ya kubora isiwe na maana. Ziamuliwe kwa upatikanaji: ukipata nzima, nunua; usipopata, suka.

Ngumu zaidi ni za kielektroniki. Noah na Voxy zenye D-4, yaani 1AZ-FSE, na dizeli za komon reli kama 1KD ya Hilux na Prado, zinadai mafuta safi na fundi mwenye kompyuta. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, lakini mafuta yanayouzwa kwa madumu kijijini hubeba maji na uchafu wake. Nozeli zikiharibika, zinaweza kuchoma pistoni za injini mpya kama zilivyochoma za zamani. Ikiwa njia zako ni za vijijini Kyerwa, jiulize kwanza kama gari hilo ndilo linalokufaa. Nayo 1KZ-TE ina tabia ya kupasuka hedi ikichemsha. Ya mtumba ya aina hiyo isinunuliwe bila kupimwa nyufa.

Mashine za kusaga na kukoboa zinazotumia dizeli ya silinda moja hazihitaji mjadala mrefu. Slivu, pistoni na ringi zake huuzwa kama seti, kazi yake inafanyika kijijini, na kusuka ndiyo njia.

Kabla ya yote, tazama gari lenyewe. Pale bandari ya Bukoba upo mfano mkubwa: meli ya MV Victoria, iliyoanza safari miaka ya 1960, ilisimama mwaka 2014 na kurudi ziwani mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Uamuzi huo ulikuwa na maana kwa sababu mwili wa meli ulistahili kukarabatiwa. Hiace ambayo chesisi imeliwa na kutu na giaboksi inalia haistahili injini ya aina yoyote.

Hesabu ya msimu

Hebu tuweke namba za mfano, kila mmoja abadilishe kwa za kwake. Tuseme kusuka Fuso ipasavyo kunagharimu shilingi milioni 6 na siku 25 za kukaa. Injini ya mtumba inagharimu milioni 9 pamoja na usafiri na kufunga, na siku 7.

Msimu wa kahawa, gari likiingiza faida ya shilingi 200,000 kwa siku, siku 25 ni milioni 5. Kusuka kumegharimu milioni 11. Siku 7 ni milioni 1.4, kwa hiyo ya mtumba imegharimu milioni 10.4. Ya mtumba imeshinda.

Februari, kahawa hakuna, gari likiingiza 60,000 kwa siku, kusuka kunagharimu milioni 7.5, na ya mtumba milioni 9.42. Kusuka kumeshinda kwa karibu milioni 2. Gari ni lilelile, injini ni ileile. Kilichobadilika ni mwezi.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, injini inayokula oili Desemba isisubiriwe inoki Mei. Mwenye gari anayepima kompresheni msimu ukifungwa ana miezi ya kusuka bila haraka. Anayesubiri hununua kwa bei ya mtu aliyekwama. Pili, fedha huingia wakati ambao gari halipaswi kusimama, kwa hiyo anayetaka kusuka wakati wa ukame wa fedha lazima aweke akiba mavuno yakiwa bado yanaendelea. Mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado ua kwa butura anajua uchungu wa kukopa dhidi ya msimu ujao. Kununua injini kwa mkopo wa kulipwa na kahawa ambayo gari bado halijaibeba ni butura ya aina nyingine.

Hesabu ina upande wa hatari pia. Kusuka kukiharibika, bloku bado ni yako na fundi yuko Kayanga, unaweza kumfuata. Injini ya Gerezani ikifa, muuzaji yuko kilomita 1,400, na dhamana nyingi huishia injini ikishawaka. Ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla ya kusema ni rahisi.

Karatasi zake

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kumbukumbu TRA, gari lako na kadi yake havisemi jambo moja, na utalijua hilo siku ya kuuza, ya ajali au ya ukaguzi wa polisi. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, na maandishi ya mkono yanayotaja aina yake, hali iliyoahidiwa na siku za dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicholingana na maelezo yake, lakini maelezo yaliyobaki mdomoni ni magumu kuthibitisha. Injini yenye namba iliyosagwa iache hapohapo, hata ikiwa bei ni ya kutupwa.

Kwa wanaovutwa na Kisekka: injini iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kulala Kampala. Haipati nafuu ya bidhaa zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya, na lazima itangazwe forodhani Mutukula au Murongo. Anayeivusha Mto Kagera kwa njia ya panya anaweza kuipoteza pamoja na gari lililoibeba, na hata akifika nayo nyumbani hatakuwa na karatasi ya kuibadilishia kadi.

Hukumu

Kwa dizeli nzito za zamani zenye bloku nzima, suka yako, nje ya msimu, kwa kubora na kupima, si kwa kubahatisha na ringi. Kwa petroli ndogo za alumini, nunua ya mtumba iliyopimwa mbele yako. Kwa za kielektroniki, nunua na waya na kontroli boksi zake, au badilisha aina ya gari. Ya ajali iwe ya mwisho kwenye orodha, na ilipiwe kama malighafi. Ndani ya msimu, siku za kusimama zinaweza kupindua hukumu hizi. Zihesabu kwa shilingi kabla ya kuamua.

Neno la mwisho ni kwa wenye uwezo wa kufupisha umbali kati ya fundi na mashine. Karakana moja ya pamoja Kayanga au Omurushaka, yenye mashine ya kubora, ya kusaga krenki na ya kujaribia hedi, ingebadilisha hesabu yote iliyoandikwa hapa. Vyama vya ushirika vya kahawa vina magari na vina wanachama wenye magari. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa kazi ya namna hiyo. VETA ya mkoa iliyojengwa Burugo, Bukoba, inafundisha vijana watakaohitaji mahali pa kufanyia kazi. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa ziwakutanishe. Hadi hapo, mwenye gari anunue kipima kompresheni chake mwenyewe. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko ringi za injini moja, na mwenye nacho haongopewi kirahisi.